Magazeti ya Kiswahili na Msomaji Kijana: Tatizo si Msamiati

Husikika mara kwa mara maoni kwamba vijana wa Afrika Mashariki huyakimbia magazeti ya Kiswahili kwa sababu lugha yake ni ngumu, na kwamba wataweza kurejeshwa kwa vichwa vya habari vya Sheng au vya lugha ya mitaani. Kwa maoni yetu, hoja hii haina msingi madhubuti wa kiisimujamii.

Sheng ni alama ya utambulisho wa kundi. Msamiati wake hubadilika upesi, na hutofautiana kati ya mtaa mmoja na mwingine wa Nairobi. Neno lifikapo gazetini, aghalabu waliolizua wamekwisha kuliacha. Kijana alisomapo hajihisi kuheshimiwa, bali huona kuwa mtu mzima anamwigiza.

Huenda wapinzani wetu wakataja Shujaaz, jarida la vibonzo lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 2010 na kusambazwa bure, ambalo limetumia Sheng na kupendwa sana. Mfano huu una uzito, lakini unathibitisha jambo jingine. Sheng humo ni kauli ya wahusika, hasa Boyie, kijana asiye na kazi anayeendesha kituo cha redio kwa siri chumbani mwake. Mada zake ni riziki na maisha ya vijana wenyewe, na wasomaji humwandikia mhusika huyo kana kwamba ni mwenzao. Kinachowavuta, basi, si msamiati peke yake, bali ni kuwa na nafasi katika mazungumzo.

Jambo hili si geni katika uandishi wetu. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wake. Desturi ya ukurasa wa mashairi iliendelea katika magazeti ya baadaye, yakiwemo Uhuru na Taifa Leo. Msomaji alinunua gazeti akitazamia kujibiwa, na kwa kutaka kujibu alijifunza lugha sanifu.

Ieleweke kwamba hatuitetei lugha sanifu kwa ajili ya usafi wake. Bajeti, sheria na uchaguzi hujadiliwa kwa rejesta hiyo. Gazeti linalomwondolea kijana rejesta hiyo kwa kisingizio cha kumrahisishia humfungia mlango wa baraza ambamo mambo yake huamuliwa.

Wahariri na wawape vijana kurasa za kuandika na kujibiwa, na istilahi ngumu zifafanuliwe papo hapo. Nasi wanaisimu tukiri sehemu yetu ya lawama: istilahi nyingi tunazoziunda huishia katika orodha zetu wenyewe. Kabla ya kuuliza kwa nini kijana hasomi, yafaa tujiulize ni lini mara ya mwisho tulimwandikia jambo linalomhusu.