Muulize Mzee Angali na Nguvu

Mwezi huu tuongee habari ya mazishi, na hiyo si kuita kifo. Sisi tuliotoka Molo (ile ya Nakuru, si hii ya Tororo) mwanzo wa 2008, tukapitia Malaba hadi Mulanda, kisha Kiryandongo, wazee wetu wengi bado wanataka kulala Kenya. Sasa muulize mapema: huku au nyumbani? Na shamba lingalipo?

Akifia huku, kifo kiandikishwe NIRA, na ofisi ya wakimbizi iambiwe. Maiti haivuki Busia wala Malaba bila karatasi. Jirani yetu alilala mpakani siku mbili, jeneza juu ya pikapu. Jua lile!

Nakala za vitambulisho na namba za ndugu wa Kenya ziwekwe mahali mke anapajua.

Mama yangu ameshajibu: hapahapa, karibu na mwembe.