Malaika Una Mwenyewe, Jamani!

Huku Amherst tuko salama, theluji tumeizoea, zamu za usiku ndiyo maisha. Leo nina neno, na wa kukasirika akasirike.

Nimechoka kusikia watu wetu wakisema "Malaika" ni wimbo wa asili, wa Waafrika wote, hauna mwenyewe. Hauna mwenyewe vipi? Uliota porini kama uyoga?

Tazameni majirani zangu. Buffalo, hapa hapa karibu, ndiko alikozaliwa Harold Arlen mwaka 1905. Yeye ndiye aliyetunga muziki wa "Stormy Weather", na maneno yakaandikwa na Ted Koehler. Mwaka 1933 Ethel Waters akauimba Cotton Club kule Harlem, ukumbi ambao weusi walitumbuiza na weupe ndio walioketi mezani. Mwaka 1943 Lena Horne akauimba kwenye filamu. Tangu hapo wameurekodi wengi mno, lakini sijasikia mtu akiuita wa asili. Ukiuliza mtunzi, unatajiwa majina yale yale mawili.

Sasa turudi kwetu. Fadhili William wa Kenya aliurekodi "Malaika" na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim, Mtanzania, akasema yeye ndiye aliyeutunga, tena miaka ya 1940. Miriam Makeba akauimba na Harry Belafonte mwaka 1965, Boney M wakafuata 1981. Dunia ikacheza, sisi tukabaki na ubishi wa vijiweni. Fadhili alifariki 2001, ubishi haukuzikwa naye.

Mtaniambia Wamarekani wana pesa na mawakili. Sawa, kudai haki kunataka wakili. Kuandika jina kunataka nini? Kalamu na daftari! Sisi manesi kila dozi tunaiandika: nani katoa, saa ngapi. Isipoandikwa, haikutolewa. Nyimbo nazo hivyo hivyo.

Wazee waliopiga Tabora Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz wanazidi kupungua. Mnangoja wote waondoke, halafu nyimbo zao nazo mziite za asili? Kama kuna mmoja mtaani kwenu, Jumapili hii nenda ukamsalimie. Muulize nani alitunga, nani alipiga gitaa, mwaka gani. Andika! Ukisema "wa asili" kwa uvivu tu, unamwibia mzee wako mwenyewe.

Nawapenda wote. Shikamooni wakubwa, na wadogo msome kwa bidii.