Dogo kwa Nani? Neno petty na Mizani ya Kapedo

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayompotosha mfasiri wa Kiswahili pasi na yeye kutambua ni petty. Aghalabu hutafsiriwa kwa kivumishi "-dogo" au kwa takriri yake: matumizi madogo madogo, makosa madogo madogo, wizi mdogo. Tafsiri hiyo si kosa, kwani neno lenyewe lina asili ya petit la Kifaransa, yaani "-dogo". Hata hivyo, katika safari yake ya karne nyingi, neno hilo lilijitwika maana ya pili, nayo ni dharau. Jambo linaloitwa petty si dogo kwa kimo tu, bali pia halistahili kushughulikiwa. Ukubwa na thamani vimefungwa katika furushi moja.

Kiswahili kina uwezo wa kulifungua furushi hilo. Udogishaji kwa viambishi ki- na kiji- hauleti dharau kila mara. Kutokana na mji tumepata kijiji, kutokana na mto tukapata kijito, na hapana anayetukanwa. Lakini mtu akiitwa kijitu, ameshushwa hadhi. Zaidi ya hayo, udogo waweza kuwa pazia. Mkenya anayeombwa "kitu kidogo" anajua vyema kwamba ameombwa rushwa. Nchini Tanzania, Aprili 2008, Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa katika akaunti ng'ambo. Akaziita vijisenti, na mwezi huo huo akajiuzulu. Ni dhahiri basi kwamba udogo wa kisarufi ni hukumu ya msemaji, wala si kipimo cha kitu chenyewe.

Mahali panapoionyesha hatari ya hukumu hiyo ni Kapedo, kijiji kilichoko mpakani mwa Turkana na Baringo, ambapo chemchemi za maji moto huporomoka na kuulisha mto Suguta, na ambapo mpaka wenyewe una utata. Tuseme mbuzi watatu wameibwa hapo usiku. Mtu aliyeketi ofisini Lodwar au Nairobi, akiwapima kwa shilingi, huenda akaandika "wizi mdogo wa mifugo". Kwa familia ya mfugaji, Mturkana au Mpokot, mbuzi hao ni maziwa ya mtoto, ni sehemu ya mahari, ni karo ya muhula ujao. Hata sheria haikuliona jambo hili kuwa hafifu: kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa mwizi wa mifugo.

Yaliyotokea baadaye yanajulikana. Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mwishoni mwa Oktoba 2014, maafisa wa usalama wapatao 20 waliuawa karibu na Kapedo. Februari 2023, serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, zikiwamo Turkana na Baringo, kuwa maeneo yenye hatari na misukosuko.

Huenda ikasemwa kwamba chanzo cha maafa hayo ni bunduki, ukame, mpaka usioafikiwa na matarajio ya utajiri wa mvuke wa ardhini, wala si msamiati. Ni kweli, hakuna aliyeuawa na kivumishi. Lakini kivumishi ndicho kinachoamua ni taarifa ipi isomwe leo na ipi isubiri. Wizi ulioandikwa kuwa mdogo hupata jibu dogo, au haupati kabisa, na aliyeibiwa akikosa mahali pa kupeleka malalamiko huenda akaamua kujilipizia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa mintarafu hiyo, wanafunzi wa Kiswahili, wafasiri na wanahabari wana wajibu wa kulipasua neno petty kabla ya kulihamisha. Panapokusudiwa uchache wa fedha, iandikwe "-dogo". Panapokusudiwa dharau, liandikwe neno la dharau waziwazi, duni au la kipuuzi, ili mwandishi awe tayari kuitetea hukumu yake. Na pale ambapo hana hakika, ataje kitu na idadi: "mbuzi watatu wameibwa Kapedo". Sentensi hiyo haina kivumishi cha sifa hata kimoja, na msomaji aliyewahi kulea mtoto kwa maziwa ya mbuzi watatu hatahitaji kuambiwa uzito wake. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na kipimo cha hasara kinapaswa kuanza kwa aliyeipata.