Kasuku wa Zambia

Mtu akitaja santuri bora za roki ya saikedelia, yaani roki ile ambayo sauti ya gitaa hupotolewa kwa umeme hata ikavuma kama nyuki au ikalia kama mtu aombolezaye, ataziorodhesha za London na San Francisco, kisha atanyamaza. Za Zambia hazimo. Ukimwuliza sababu, jibu lake li tayari: wale walikuwa kasuku, waliiga Wazungu.

Jibu hili ni jepesi mno, nami nalikataa. Rolling Stones walitwaa hata jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, Mmarekani mweusi. Beatles walichukua sitari kwa Wahindi mwaka 1965, wakasifiwa. Kwa nini Mwingereza akiazima aitwe mvumbuzi, na Mwafrika akiazima aitwe kasuku? Watu wa pwani yetu waliazima udi kwa Waarabu na fidla kwa Wazungu, wala hapana athubutuye kusema kuwa Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, alikuwa mwigaji.

Na isikilizwe Lazy Bones!!, santuri ya kundi la WITCH iliyotolewa mwaka 1975. Gitaa la Chris Mbewe hunguruma, hukatika, hurudi kwa mlango mwingine. Maneno ni ya Kiingereza, kweli (hapo wapinzani wangu hupata kijipande cha hoja), lakini mwendo si wa London. Au isikilizwe Africa ya kundi la Amanaz, ya mwaka huo huo, yenye huzuni ya utulivu. Zambia ilikuwa na miaka 11 tu ya uhuru; bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia, vita vilikuwa vikiwaka. Ni Mzungu gani aliyeigwa katika huzuni hiyo?

Dharau hii imekuwa na gharama. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger, aliishia kuchimba vito ili apate riziki. Santuri za kundi lake zilipokusanywa na kutolewa upya mwaka 2012, kampuni iliyoifanya kazi hiyo haikuwa ya Lusaka wala ya Nairobi. Ilikuwa ya California.