Mwambie bosi bila kuzunguka

Tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulitanda kwenye kiwanja cha ndege cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Ndege ya KLM ikaanza kukimbia ili iruke, bila ruhusa ya mnara, ilhali ya Pan Am bado iko kwenye njia hiyo hiyo. Mhandisi wa KLM, aliyekaa nyuma ya marubani, alishtushwa na mazungumzo ya redioni. Akauliza kama ile ya Pan Am haijatoka njiani. Kapteni, mkufunzi mwenye jina kubwa katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Ndege hizo zikagongana; watu 583 walikufa.

Wasiwasi ule ulikuwa wa kweli, ila ulikuja kama swali, na swali la mdogo huzimwa na neno moja la mkubwa. Ofisi zetu zimejaa maswali ya namna hiyo. Mhasibu anaona fedha za mradi zinakwisha, anauliza: "Bosi, hivi ile bajeti tuliipitia vizuri?" Bosi anaitikia, faili linafungwa. Alichotaka kusema ni: "Shikamoo bosi. Hela zitakwisha kabla ya mishahara ya Juni." Hapo hakuna utovu wa adabu hata chembe.

Lakini kumlaumu mhasibu peke yake ni kumwonea. Mkubwa ndiye mwenye mlango.

Ushahidi kwamba mlango huo unaweza kufunguliwa upo Ifakara, mkoani Morogoro. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 na 2008. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake. Wanathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Daktari anaeleza panapoweza kuwa pagumu, muuguzi anasema kama vifaa vina kasoro. Hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo inakumbusha pia dawa za kuzuia maambukizi, kwa hiyo si mazungumzo pekee yaliyookoa watu. Hata hivyo, muuguzi pale haombi nafasi ya kusema. Zamu yake imeandikwa.

Kikao cha Jumatatu kinaweza kuendeshwa hivyo hivyo. Mwenyekiti aanze na mdogo kuliko wote, amuulize nini kinaweza kukwama wiki hii, na yeye mwenyewe asubiri hadi wote wamalize. Na aliyesema hela zinakwisha asikute jina lake limefutwa kwenye safari ijayo ya kikazi.