Goma: Ankete ya bei isiyomuuliza mnunuzi ni nusu ya ankete

Wakaaji wa Goma wamekwisha kuzoea kumuona kijana mwenye jile na telefone mkononi akipita kwenye meza za wauzaji sokoni. Anauliza bei ya unga wa mihogo, maharagi, mafuta, chumvi, sabuni na makala. Anaandika, anashukuru, anaenda. Kutoka kwenye namba za namna hiyo, mashirika ya msaada hupima ni feza ngapi jamaa iliyohama itapewa. Namba ikikosewa sokoni, sufuria ndiyo inalipa.

Hakuna anayekataa ankete. Bila ankete, msaada ungepangwa kwa kukisia. Ubaya uko katika namna ya kuifanya.

Kwanza ni kipimo. Fomu inataka bei ya kilo moja. Lakini mama aliyekimbia Masisi hanunui kwa kilo. Ananunua kwa kopo la Guigoz, na siku mbaya kwa kikombe. Maisha yanapokuwa magumu, si kila muuzaji anaongeza bei. Wengine wanaacha tu kujaza kopo mpaka kilele. Kwenye fomu bei imebaki ile ile, kwenye sahani chakula kimepungua. Mtu wa ankete angebeba mizani na kupima kopo lenyewe, angeliona jambo hilo mara moja.

Pili ni simu. Ankete nyingine hufanywa kwa kupiga simu peke yake. Simu inampata mwenye telefone, mwenye moto kwenye betri na mwenye rezo. Mjane anayelala kwa jamaa za watu, asiye na telefone, hayumo katika hesabu, na ndiye mwenye njaa kuliko wote.

Tatu ni njia ya feza. Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango Januari 2025, watu wengi wanategemea feza ya simu. Anayeitoa anakatwa na wakala. Akipewa dola iliyopasuka kidogo, muuzaji anaikataa. Ankete inayoandika bei ya unga bila kuandika makato hayo inahesabu feza ambayo mhami hajawahi kuishika.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi ataongeza bei kwa mdomo ili apewe zaidi. Na muuzaji je? Naye anaiona ile jile, anajua msaada uko njiani. Ndiyo maana haifai kuamini mdomo mmoja. Muuzaji aulizwe, mnunuzi aulizwe, kisha mtu wa ankete anunue kopo moja kama raia mwingine, bila jile, alipime. Majibu matatu yakipishana, hapo ndipo kazi inaanza.

Tena namba hazipaswi kuondoka bila kurudi. Zisomwe kwenye radio, kwa Kiswahili, mbele ya msaada kupangwa. Jamaa zikisikia bei ambayo haiko katika soko lao, zitasahihisha siku ile ile.

Wahami nao wasinyamaze. Kijana wa ankete akifika, wamwambie: weka kalamu chini kwanza, pima kopo hili. Anayekataa kupima kopo, asipange chakula cha watoto wa wengine.