Karatasi ya utafiti si tiketi ya kupasuliwa



Juma hili tunaandika juu ya kosa, na kosa lenyewe tulilitenda sisi pia.

Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza sambaza pale Kadutu, ana mtoto wa kiume wa miaka 4. Tangu akiwa mchanga mtoto huyo alikuwa akinyonya kidogo tu, anachoka, jasho linamtoka kichwani kama mtu aliyepanda mlima na gunia la muhogo, anaacha ziwa na kulala. Kilo haziongezeki. Walimtibu nimonia mara nne. Majirani walisema yao, hatutayarudia hapa. Mwishoni muganga mmoja alimsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko wenzake, akasikia mlio usio wa kawaida, akawatuma mjini kwa ekografi ya moyo. Huko wakaambiwa: mtoto ana tundu kwenye ukuta unaogawa vyumba viwili vya chini vya moyo. Amezaliwa nalo.

Siku ile ile, kabla mama hajamaliza kupangusa machozi, kijana mwenye koti jeupe alimletea karatasi tano za Kifaransa. Akamweleza kwamba kuna utafiti juu ya watoto wenye magonjwa ya moyo, kwamba mtoto wake anaweza kuingia, kwamba kila miezi 6 atapigwa ekografi bila kulipa. Mama akasikia "kuingia". Akasikia "bila kulipa". Akatia sahihi, akarudi nyumbani akiimba.

Na sisi tulipiga vigelegele. Kikundi kilikuwa kimeanza kumchangia pesa za safari ya matibabu. Tulisimamisha mchango, tukasema Mungu amefungua mlango mwingine, pesa zikarudi katika likelemba. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutafuta watu wanaosaidia watoto kwenda kupasuliwa nje ya nchi, akaacha. Baada ya miezi 6 alienda kwa randevu, akiwa amemvalisha mtoto shati jipya, akamwuliza muuguzi: "Tutasafiri siku gani?" Muuguzi hakuelewa swali.

Hakukuwa na safari. Karatasi zile zilisema kwamba mtoto atafuatiliwa: kupimwa, kuandikwa, kulinganishwa na watoto wengine. Hakuna mahali zilipotaja kupasuliwa. Hakuna aliyemdanganya mama huyu, na bado alidanganyika. Katika mkutano wetu wa wamama zaidi ya ishirini, hakuna hata mmoja aliyesema: leteni hizo karatasi tuzisome.

Kwa tundu kubwa la aina ile, miezi 6 si kitu kidogo. Matundu madogo mengi hujifunga yenyewe mtoto anapokua, na hiyo ni habari njema ambayo wamama wengi hawaambiwi. Lakini likiwa kubwa, kila pigo la moyo linasukuma damu nyingi kupita kiasi kwenda kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu inazoea nguvu ile, inakuwa minene na migumu. Ikishafika kiwango fulani, kuziba tundu hakumsaidii tena mtoto, kunaweza hata kumwua. Kuna watoto wanaofika hospitali kubwa na pesa zote mkononi wakaambiwa wamechelewa.

Tuseme basi utafiti ni nini. Uko wa namna mbili, kwa kadiri mama anavyohitaji kujua. Wa kwanza ni wa kufuatilia: wanaangalia, wanapima, wanaandika, hawabadilishi matibabu. Ndio alioingia mtoto wetu. Wa pili ni wa kujaribu: dawa, au namna ya kupasua, au chombo, kinajaribiwa kuona kama ni kizuri kuliko kile cha zamani. Katika huu wa pili mara nyingi watoto hugawanywa kwa kura. Muganga hachagui, mama hachagui, kura inachagua. Na kuna wakati kundi moja linapewa kidonge kisicho na dawa ndani, kinachofanana kabisa na kile cha kweli.

Tunasikia tayari sauti: "Kumbe ni kweli wanafanya watoto wetu kobayi!" Tungojeeni kidogo.

Karibu mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na kasoro ya moyo, hapa kwetu kama kwingine kote. Zamani waganga waliweza kuwaangalia tu. Mwaka 1954, mjini Minneapolis huko Marekani, muganga C. Walton Lillehei alianza kufungua mioyo ya watoto wakati mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu ilikuwa bado haiaminiki. Alifanyaje? Mtu mzima, mara nyingi baba au mama wa mtoto, alilazwa kwenye meza ya pili pembeni. Mipira ikaunganisha damu ya wawili hao, na moyo na mapafu ya mkubwa vikafanya kazi kwa watu wawili. Mtoto wa kwanza alikuwa wa mwaka 1 na kidogo, mwenye tundu kama la mtoto wa mama yetu, na baba yake ndiye aliyelala pale pembeni. Tundu lilizibwa. Mtoto akafa siku 11 baadaye. Wote waliopasuliwa kwa namna ile walikuwa 45, na 28 kati yao walitoka hospitali wakiwa hai. Tukiisoma habari hii, sisi tunafikiri juu ya yule baba. Leo kuziba tundu lile ni kazi ambayo timu zilizozoea huifanya na mtoto akarudi nyumbani baada ya siku chache, na njia ilipita kwa watu kama yeye.

Utafiti pia unawarudisha waganga wenyewe darasani. Kuna watoto wanaozaliwa na moyo ambao chumba kimoja tu cha kusukuma damu ndicho kinachofaa. Kwa miaka mingi waganga wengi waliwapa dawa iitwayo enalapril kwa sababu inawasaidia watu wazima wenye moyo dhaifu. Ilionekana akili kabisa. Wakaijaribu kwa kura na watoto wachanga 230 huko Amerika ya Kaskazini, na matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yakaonyesha kwamba waliopewa dawa hawakukua vizuri kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka ule ule hospitali 15 zilitangaza utafiti mwingine juu ya watoto wa namna hiyo, wale ambao upande wa kushoto wa moyo haukukua. Wachanga zaidi ya 500 waligawanywa kati ya namna mbili za kuweka bomba la kupeleka damu kwenye mapafu. Baada ya miezi 12, katika namna moja watoto 74 kati ya 100 walikuwa hai bila kuhitaji kupandikizwa moyo mwingine, katika nyingine 64. Ungesema jibu limepatikana. Waliendelea kuwafuatilia, na miaka ilivyopita tofauti ile ikapungua. Ndiyo sababu waganga wa utafiti wanasumbua familia kwa randevu hata mtoto akiwa anacheza mpira.

Msiseme tena kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Jirani zetu wa Uganda walifanya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2021, juu ya ugonjwa wa moyo ambao mtoto hazaliwi nao. Huu unaanza na koo linalouma lisilotibiwa, unaharibu vali za moyo polepole, na watoto wetu wengi wanao. Walichukua watoto wa miaka 5 hadi 17 ambao ekografi ilionyesha mwanzo tu wa ugonjwa, bado wanakimbia na kucheka. Karibu 400 walipewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka 2, wengine karibu 400 hawakupewa. Katika kundi la sindano ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Katika kundi la pili ni 33. Penisilini tunaijua sote, ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Bila wazazi wa Uganda kukubali, hakuna ambaye angejua kwamba inasaidia mapema namna ile.

Kwa hiyo hatusemi mkimbie. Tunasema msitie sahihi siku ile ile.

Waganga wa dunia walikubaliana juu ya sheria za kazi hii katika Tamko la Helsinki, mwaka 1964, na limerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Mtu aelezwe kwa lugha anayoelewa. Akubali kwa hiari. Anaweza kukataa, anaweza kutoka katikati, na muganga hana ruhusa ya kumtibu vibaya kwa sababu hiyo. Mtoto aliye mkubwa wa kuelewa naye aulizwe, asiburutwe. Na kila utafiti upitie kwanza kwa kamati ya maadili, watu wasio wa utafiti ule, wanaoangalia kama watu hawataumizwa bure. Jina la kamati na namba ya simu vinapaswa kuwa kwenye karatasi. Kama havipo, mama afunge mkoba wake.

Swali la kwanza kabisa, mbele ya mengine yote, ni hili ambalo sisi hatukuuliza: je, huu utafiti unamtibu mtoto wangu, au unamwangalia tu? Ulizeni hivyo hivyo, kwa Kiswahili, na ngojeeni jibu la ndiyo au hapana. Likija jibu refu, ulizeni tena. Kisha: nikikataa, mtoto wangu atapata matibabu gani? Nikikubali, matibabu niliyokuwa ninayatafuta yanaendelea au yanasimama? Kama ni dawa, kuna kura? Ikimdhuru mtoto, nani analipa hospitali, na nampigia nani simu usiku? Damu mnayochukua mnaipeleka wapi, mnaitunza muda gani? Transpo ya randevu ni ya nani? (Hili la transpo wamama wanaona haya kuliuliza. Mama anayefunga biashara siku nzima na kupanda moto mbili hajafanyiwa kitu cha bure.) Na utafiti ukiisha, mtatuambia mlichokiona?

Ombeni nakala ya karatasi. Ni haki yenu. Nendeni nayo nyumbani, baba wa mtoto aione, mtu anayesoma Kifaransa awasomee, laleni usiku mmoja au tatu. Kasoro ya kuzaliwa haikuanza jana, na uamuzi wa kuingia utafiti wa kufuatilia unaweza kungoja hadi Jumatatu. Ikiwa mtoto ni mahututi na wanataka jibu saa ile, mwambieni muganga amtibu kwanza.

Sasa kuhusu mama yetu. Tulienda naye watatu. Kijana wa koti jeupe alitupokea vizuri, na tulipomweleza alichoelewa mama, alishika kichwa. Alisema alikuwa na wazazi kumi na mmoja siku ile, na dakika kumi kwa kila mmoja. Hatukumgombeza sana, ila tulimwambia kwamba dakika kumi za Kifaransa kwa mtu anayelia si maelezo. Alikaa nasi saa nzima, akachora moyo kwenye daftari, akaonyesha tundu. Alituambia pia jambo ambalo hatukulijua: ekografi zile za kila miezi 6 ni za mtoto, mama anaweza kuomba nakala na kuzipeleka popote anapoomba msaada. Wanaosaidia watoto kupasuliwa huuliza picha mpya, na picha ya mwaka jana haiwatoshi.

Mama ameamua kubaki katika utafiti. Ameamua yeye, baada ya siku nne za kufikiri, na safari hii akijua ni nini. Ameanza tena kuandikia watu wa msaada, nakala ya ekografi ya pili ikiwa ndani ya bahasha. Mapafu ya mtoto, kwa kipimo cha mwezi uliopita, bado hayajaharibika. Mchango tumeufungua upya, na pesa zilizorudi katika likelemba zimetolewa tena. Mhazini ana orodha. Wanaodaiwa wanajijua.

Kuanzia Alhamisi ijayo, saa nane mchana, mwenzetu aliyekuwa mwalimu atakaa katika chumba cha mikutano. Mwenye karatasi yoyote ya hospitali asiyoielewa, hata kama ameshatia sahihi, aje nayo. Aje pia na fishi ya mtoto.